Nimlipe mtu amfundishe mbwa wangu kung'ata?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 4 na 9, naishi Goba, Dar es Salaam. Mume wangu anaendesha lori la Lubumbashi. Akiondoka si chini ya wiki 3. Tunabaki mimi, watoto na dada wa kazi. Mwezi uliopita wezi waliingia nyumba mbili za jirani. Tuna mbwa, German Shepherd dume wa miezi 16, anaitwa Komando, ila jina na tabia haviendani kabisa: fundi bomba akija, anamlamba mikono. Kuna kijana anayefundisha mbwa ameniambia kwa laki 6 na mwezi mmoja tu Komando atamrukia mtu yeyote nitakayemwonyesha. Nimeshampa amana ya laki 2. Shemeji yangu anasema hiyo ni pesa iliyotumika vizuri, mama mkwe anasema nitajuta. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kulala jicho moja wazi. Mama mkwe ndiye aliye sahihi. Usimfundishe Komando kung'ata.

Nafundisha mbwa mwaka wa 19 sasa, na kila majirani wa mtu wanapoibiwa, simu yangu huita. Watu huniletea mbwa mpole kama wanavyopeleka gari bovu gereji: mwalimu, huyu hana ukali, mtie ukali. Huwa naanza kwa kuwauliza swali dogo. Huyo fundi bomba aliyelambwa mikono aliingiaje? Alipiga hodi, ulimfungulia geti wewe mwenyewe, mkasalimiana, mkaongozana hadi jikoni. Komando aliyaona hayo yote akaamua, sawasawa kabisa, kwamba mgeni wako ni mgeni wake. Hilo halikuambii chochote kuhusu atakachofanya saa 8 usiku mtu akiruka ukuta upande wa tanki la maji. Mbwa wengi wa aina yake, hata walio laini kama mkate wa maji, usiku wa namna hiyo hubweka kwa sauti ambayo wenyewe hamjawahi kuisikia.

Na mwizi hajui kwamba Komando hulamba. Anachosikia ni kifua cha mbwa wa kilo 30 na kitu nyuma ya mlango.

Sasa huyo kijana wako. Simjui, na huenda ni mtu mwema anayependa mbwa. Lakini nitakueleza mafunzo ya mwezi mmoja huwa yanakuwaje, kwa kuwa nimeyaona Dar, Arusha na hata Nairobi, na yanafanana kama mapacha. Mbwa anafungwa kwenye mti. Anakuja mtu amejifunika gunia, ana fimbo, anamzunguka, anapiga piga ardhi karibu na miguu yake, anamtisha kisha anakimbia. Siku ya kwanza mbwa anarudi nyuma. Siku ya tatu au ya nne, akishaona kamba haimpi pa kukimbilia, anaruka mbele na kuonyesha meno. Mwenye mbwa anapigiwa simu aje kuangalia, anashangilia, anamalizia malipo.

Alichojifunza mbwa hapo ni woga, na njia moja ya kuuondoa: ruka wewe kwanza. Halafu mbwa hujifunza kwa picha. Picha aliyopewa ni mtu mwenye gunia, anayetembea upesi, ameshika kitu mkononi. Mama, nani huja kwako na gunia? Muuza mkaa. Nani hupita upesi ameshika kitu mkononi? Bodaboda anayeleta mzigo, msoma mita ya maji, mtoto wa jirani anayekimbilia mpira wake. Mwizi mwenyewe huja bila gunia, anatembea polepole.

Kazi ya ulinzi iliyofundishwa kwa haki ni kitu kingine, na wenye shule ya siku nyingi ni Wajerumani. Komando anatokana na mbwa wa wachunga kondoo. Mwaka 1899 ofisa wa farasi aitwaye Max von Stephanitz alianzisha chama cha mbwa hao, na baadaye ukazaliwa mtihani wa kupima kama mbwa anafaa kuzaa watoto wa kazi. Ulijulikana kwa jina la Schutzhund, siku hizi unaitwa IGP. Angalia ulivyopangwa. Kabla ya kufika hata karibu na meno, mbwa sharti afaulu mtihani mwingine wa utiifu na utulivu kati ya watu: apite katikati ya kundi, apitwe na baiskeli, aachwe peke yake amefungwa kando ya njia bila kumrukia mpita njia. Akishindwa hapo, hakuna kuendelea. Daraja la kwanza la IGP haliruhusiwi kabla ya miezi 18. Lina sehemu tatu, kufuata nyayo, utiifu na ulinzi, kila moja alama 100, na asiyepata 70 kwenye mojawapo ameanguka. Komando ana miezi 16, maana yake kwa hesabu ya wenyewe bado hajafika umri wa kukaa kwenye chumba cha mtihani.

Kwenye sehemu ya ulinzi kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Mchokozi, yule anayevaa mkono mnene wa gunia, anajificha nyuma ya kibanda uwanjani. Mbwa anatumwa kumtafuta. Akimkuta amesimama tuli, haruhusiwi kumng'ata. Anatakiwa amkabili, abweke bila kukoma, asimguse, mpaka mwenyewe afike. Akimng'ata mtu asiyesogea anapoteza alama, na akikataa kuachia baada ya kuamriwa, anatolewa uwanjani. Kwa maneno mengine, watu walioifanya kazi hii zaidi ya miaka 100 wanatoa alama nyingi kwa mbwa anayejizuia. Na hata hao, wapo mbwa wao wanaofaulu uwanjani lakini wakikutana na mtu asiyevaa ule mkono wa gunia hawajui waanzie wapi, kwa sababu walichojifunza kukipenda ni ule mkono.

Neno gumu kwenye kazi hii ni "acha". "Shika" mbwa hulipata ndani ya siku chache. Kung'ata kwenyewe ni raha kwake, hakuhitaji zawadi. "Acha" unamwomba aitupe raha hiyo katikati, damu imechemka, mtu anapiga kelele. Ili neno hilo lishike, linarudiwa mara mamia kwa mamia, kwanza na kamba ya kuchezea, halafu na gunia, halafu na mtu, na haliishi: ukiacha mazoezi miezi miwili, neno linapoa. Tena mbwa anasikia sauti, hasikii kamusi. "Acha" ya mwalimu aliyetulia uwanjani asubuhi na "acha" ya mama aliyeshtuka usiku, mtoto mgongoni, kwake ni maneno mawili tofauti.

Hili la mwisho nilijifunza kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo, nikiwa na ubishi wa ujana, nilimfundishia mteja mmoja wa Arusha dume la Rottweiler. Uwanjani alikuwa wa kupigiwa picha: shika, anashika, acha, anaachia hapo hapo. Krismasi ikafika, ndugu wakaja. Mjomba wa watoto akawa anacheza nao mieleka sebuleni, yeye chini, watoto juu yake, mmoja anapiga mayowe ya furaha. Mbwa alipitia mlango wa jikoni. Hakuna aliyesema shika. Baba mwenye nyumba alisema acha, akasema tena, akapiga kelele, na ilikuwa kwenye mara ya nne au ya tano mbwa alipofungua mdomo. Mjomba alishonwa nyuzi 22. Nilipofika kesho yake mbwa alikuwa amelala barazani. Aliponiona aliinuka, akatingisha mkia, akakaa mbele yangu wima kama nilivyomfundisha, anangoja sifa. Alikuwa ameona mtu mzima amemshika mtoto anayepiga mayowe, akafanya kazi yake. Mimi ndiye ambaye sikuwahi kumfundisha tofauti ya mieleka na kuvamiwa, na wala sijui ningeifundishaje.

Kwako kuna watoto wawili, dada wa kazi, shemeji anayeingia na kutoka, na baba wa nyumba anayerudi baada ya wiki 3 saa yoyote ya usiku akinukia dizeli ya safari. Hebu fikiria hilo geti.

Kuna na sheria, na hapa watu wengi wanajidanganya. Tanzania na Kenya tulirithi kanuni za mahakama za Kiingereza. Kwetu Bara ni zile zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Kanuni yake kuhusu mbwa ni kwamba mwenye mbwa anayejua mbwa wake ana tabia ya kuuma anabeba madhara hata kama hakufanya uzembe wowote. Kwa mbwa wa kawaida aliyeuma mara ya kwanza, aliyeumwa ana kazi ya kuthibitisha kwamba ulijua. Kwa mbwa uliyemlipia mtu laki 6 amfundishe kung'ata, kazi hiyo umemfanyia wewe. Risiti inatosha. Kibao cha getini nacho hakikuokoi, hasa aliyeumwa akiwa mtoto asiyejua kusoma. (Na kama unakiandika, tafadhali andika "Mbwa mkali". Hivyo vya "Mbwa kali" vimejaa kila mtaa mpaka naanza kudhani ni aina ya mbwa.) Haki ya kujilinda ipo, lakini inapimwa kwa hatari iliyokuwepo wakati ule. Kijana aliyeruka ukuta kufuata embe, au mlevi aliyekosea geti, hakimu hatampima kwa kipimo cha jambazi mwenye panga.

Na kila jino la mbwa linaloingia kwenye nyama ya mtu hapa kwetu linafungua swali la kichaa cha mbwa, ugonjwa unaokadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Komando achanjwe kila mwaka, na kadi yake iwe mahali dada wa kazi anapajua. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, wako au wa mtaani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Sindano si moja, na mwenye mbwa ndiye anayetazamwa alipe.

Basi ufanye nini. Unahitaji kengele, na kengele unayo tayari. Inakosa swichi tu. Nitakupa swichi ninayowapa kina mama wote walio kwenye hali yako, na neno lake unalo mdomoni kila siku: "Nani huyo?"

Nunua dagaa wakavu, wapepete mchanga, weka wachache mfukoni. Jioni, Komando akiwa sebuleni kwenye kamba, mtume dada wa kazi nje ya geti. Sema "Nani huyo?" kwa sauti ile ile unayoitumia mlangoni. Hesabu moja. Hapo dada agonge geti. Komando atabweka. Mwache abweke mara tatu au nne, halafu sema "Basi", huku unamsogezea dagaa puani. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja. Akinyamaza, mpe. Rudieni mara 5, siyo zaidi, mkale chakula cha usiku. Zingatia mpangilio: neno litangulie kugonga. Ukigonga kwanza, masikio yake yanaenda getini na neno lako linakuwa kelele tu. Baada ya wiki 2 au 3 sema "Nani huyo?" bila mtu kugonga, uone. Wengi hubweka papo hapo, wanakutazama mfuko.

Siku hiyo utakuwa na kitu ambacho kijana wa laki 6 hawezi kukuuzia. Utakuwa chumbani, usiku, umesikia kishindo, utauliza "Nani huyo?" kama mwanamke yeyote angeuliza, na nyuma ya swali lako kutatoka sauti ya mbwa mkubwa. Aliyeko nje hana haja ya kujua kwamba hiyo ni sauti ya dagaa.

"Basi" ifundishwe kwa bidii ile ile. Mbwa anayebweka usiku kucha kwa kila paka na kila pikipiki, majirani humzoea, na siku ya hatari hakuna anayeinua kichwa. Na nyumba nzima mtumie maneno yale yale. Nimeingia nyumba ambayo baba anasema "stop", mama "nyamaza", dada "toka", mtoto "Komandooo", kisha wananiambia mbwa ni mkaidi.

Halafu analala wapi? Umesema ana jina la Komando, hukusema anakaa wapi, nami nitabahatisha: bandani, anafungiwa mchana, anafunguliwa saa 4 usiku. Ndivyo tulivyolelewa kufuga, na ndiyo njia rahisi zaidi ya kupata mbwa anayeogopa watu na asiyemjua mwenye nyumba. Pia ni mbwa rahisi kwa mwizi. Mitaa yetu inajulikana kwa nyama yenye sumu inayorushwa ukutani. Kumfundisha mbwa kukataa chakula cha kuokota inawezekana kwa kiasi, lakini mbwa mwenye njaa, peke yake, gizani, simwekei dhamana. Chakula chake ale kwenye bakuli lake, ashibe jioni, na usiku alale mahali nyama ya kurushwa haifiki. Korido kati ya mlango na chumba cha watoto ndiyo pazuri kuliko pote. Najua nyumba nyingi hazitaki mbwa ndani, kwa sababu ya swala au kwa sababu tu ya manyoya kwenye kochi. Basi kibaraza chenye grili, kilicho karibu na mlango, upande usiopakana na ukuta wa nje. Taa ya nje iwake. Mti unaoegemea ukuta ukatwe matawi.

Asubuhi mtembeze, kwenye kamba, kila siku, nusu saa. Mbwa anayeujua mtaa hubagua sauti ya kawaida na isiyo ya kawaida, na huo ubaguzi ndio unaoutaka usiku. Kamba ni lazima. Mzee anayetoka swala ya alfajiri na kanzu yake, mbwa akimrukia kwa mapenzi tu na kumlamba, umempa kazi ya kuosha mara 7, moja kwa udongo, kama wengi wa Pwani walivyofundishwa madrasa. Ukimwonyesha kwamba unalijua hilo, ukamshika mbwa wako na kumsalimia, siku utakayopiga kelele atakuwa wa kwanza kutoka.

Na kama unataka wa pili, usitafute Malinois, yule mbwa wa Kibelgiji wa kazi za polisi. Tafuta jike dogo la kienyeji, mbwa koko hasa. Hula kidogo, halali sana, husikia kabla ya huyo Mjerumani wako. Nyumba nyingi nilizoona zikilindwa vizuri, koko ndiye huamsha na mbwa mkubwa ndiye huitikia.

Wapo watu ninaowafundishia mbwa kazi ya meno. Ni wachache, na wengi wao mbwa ni ajira yao: ana mshika kamba mmoja, zamu yake, kizimba chake, na mazoezi yasiyokatika. Raia wa kawaida ninaowakubalia hawajafika watano kwa miaka yote hii. Wote walikuwa watu wazima pekee ndani ya nyumba, wenye saa moja ya mazoezi kila siku na pesa ya kunilipa kwa maisha yote ya mbwa, siyo mwezi. Na bado kabla ya kuanza nilikaa na mbwa wiki kadhaa nikitafuta sababu ya kumkataa. Wengi niliwakataa hapo.

Imebaki laki 2 yako. Usigombane na kijana. Mwambie umebadilisha mawazo na unataka hiyo pesa ailipie kazi nyingine: Komando atembee kwenye kamba bila kuvuta, aje akiitwa hata akiona kuku, na alale kwenye mkeka wake mgeni akiingia mpaka aruhusiwe. Ni kazi ya halali, na kwa amana hiyo ni bei ya haki. Mwambie afundishie nyumbani kwako, wewe ukiwepo na kamba ikiwa mkononi mwako, siyo kumchukua mbwa akakae kwake. Akikubali, huenda umepata mwalimu mzuri, maana hiyo ndiyo kazi ngumu. Akisema hiyo si kazi, yeye anafundisha kushika tu, muache abaki na laki 2, Komando abaki nyumbani.